Bi Shekha Anatafuta Betri

Kabla koo halijamkauka, Bi Shekha wa mtaa wa Barani, Malindi, hakuhitaji chombo chochote cha kupelekea habari. Sauti yake ilitosha. Akisimama kwenye kizingiti cha nyumba ya arusi na kuita, "Kahonzi! Wali!", Kahonzi alisikia kule uani mekoni, majirani wakasikia, na mara nyingine jirani mmoja aliinuka mbio kwenda kutazama wali wake mwenyewe, akidhani ni yeye aliyekumbushwa.

Kazi yake ilikuwa kusimamia arusi. Si kupika, si kupamba, si kuimba. Hayo yalikuwa na wenyewe. Yeye alikuwa mtu wa kujua. Alijua sinia zitoke wakati gani na zianzie upande gani. Alijua shangazi yupi hasemi na shangazi yupi, wasije wakakalishwa mkeka mmoja. Alijua bwana arusi akitoka msikitini aje kwa mwendo gani, asije akamkuta bibi arusi ametiwa wanja jicho moja. Malindi nzima, Mambrui, hata Takaungu, mtu akiposa tu watu humwuliza, "Mmemwambia Bi Shekha?" kana kwamba ndiye walii.

Basi siku moja, arusini Mambrui, alipokuwa akimfokea mtu aliyekaa juu ya keki, sauti ikakatika. Ilikatika katikati ya neno, kama uzi. Akafungua mdomo tena, kikatoka kitu kama mlio wa mlango wa kabati la zamani. Daktari alimtazama koo kwa tochi, akatikisa kichwa, akamwambia kuanzia leo ni kusema pole pole tu, na kupiga kelele ni haramu.

Mumewe, Bwana Msellem, alimpa pole sana. Lakini majirani waliona kwamba mwezi ule mzee alianza kunawiri.

Bi Shekha hakuwa mtu wa kukaa akashika tama. Wakati huo kulikuwa na hoteli moja ya wazungu kule ufuoni iliyofungwa, ikawa inauza vitu vyake vyote: vitanda, vioo, mpaka miavuli ya nyasi. Katika kupekuapekua akakuta sanduku la wokitoki, zile redio za mkono ambazo walinzi hutembea nazo kiunoni, nyeusi, nzito, zenye mkia wa mpira. Akainua moja, akabonyeza kitufe, akanong'ona, "Haya." Ile nyingine ndani ya sanduku ikajibu "Haya" kwa sauti yake yeye mwenyewe, kubwa, kama ya zamani. Machozi yakamlengalenga. Akachukua nne pamoja na chaja zake.

Moja akajiwekea mwenyewe. Ya pili akampa Afiya, mdogo wake, ambaye ndiye mpambaji na hukaa chumbani na bibi arusi. Ya tatu akampa Kahonzi, mpishi wake, mama wa Kigiriama kutoka Kaloleni ambaye hajawahi kuunguza wali wala kumung'unya maneno. Ya nne akampa Mwaro, mshika mlango. Mwaro alikuwa mtu wa Rabai, mrefu, mpole, na mtiifu kupita kiasi. Ukimwambia asimame mahali mpaka umwite, usije ukasahau kumwita.

Bi Shekha akazitunza wokitoki zile kama mayai ya kutamia. Kila alasiri alikwenda uani na kumwita Afiya aliye chumbani. "Afiya, wanisikia?" "Nakusikia, dada." "Leo mchuzi gani?" "Wa papa." Wakiisha kuulizana habari za papa, zote nne zinarudishwa kwenye chaja mpaka kesho. "Betri ni kama mgeni," alisema, "hukai ukangoja mpaka aseme ana njaa." Akafanya hivyo wiki hadi wiki, arusi ya kwanza ikafika.

Ilikuwa arusi ya Maweni, na asubuhi yake ilikuwa tamu ajabu. Bi Shekha alikaa kwenye kiti sebuleni, mguu juu ya mguu, akaendesha arusi kwa kidole gumba. Kahonzi, weka kaimati. Afiya, hina imekauka? Mwaro, gari la nani hilo? Wanawake walipita wakimtazama kwa heshima na wivu.

Nikaha ikasomwa msikitini baada ya adhuhuri. Bi Shekha aliposikia twari, zile ngoma za mkononi za waimbaji, zinakaribia akabonyeza kitufe. Nyumba ile ilikuwa na milango miwili, na mmoja wao ulipitia jikoni kwenye maji machafu. Akasema, "Mwaro, sikiliza vizuri. Bwana arusi akifika, usimruhusu kuingia..."

Alitaka kumalizia, "kwa mlango wa jikoni, mlete huku mbele." Lakini wokitoki ikalia *tii*, ikazima. Akaitikisa. Akaipulizia. Akaipiga kofi. Haikusema kitu.

Kule nje bwana arusi akafika. Kanzu inameta, joho limekaa mabegani, kilemba kimefungwa na fundi, jambia kiunoni, ami zake wawili ubavuni na kundi zima la waimbaji nyuma. Mwaro akanyoosha mkono mrefu mlangoni.

"Samahani, bwana. Huruhusiwi."

Kijana akatabasamu, akidhani ni mila ya kudai kifungua mlango. Ami akaingiza mkono mfukoni. Mwaro akatikisa kichwa.

"Mimi ndiye bwana arusi," kijana akasema.

"Ndiyo," Mwaro akajibu kwa upole. "Wewe hasa ndiye uliyetajwa."

"Ametajwa na nani?" ami akauliza.

"Na Bi Shekha."

Hapo twari zikanyamaza. Lingekuwa jina jingine wangemsukuma Mwaro wakapita. Lakini Bi Shekha! Bi Shekha anajua mambo. Kama Bi Shekha amesema huyu asiingie, kuna neno. Ami mkubwa akamvuta kijana kando, akamwuliza kwa sauti ya chini lakini wote wakasikia, "Ewe, una mke mwingine mahali?" Kijana akaapa hana. "Una deni la mahari?" Hana. "Basi umefanya nini?" Na yule maskini, jua la Malindi likimchoma utosini, akaanza kupekua maisha yake yote, na kwa kuwa kila mtu akipekuliwa hakosi kitu, uso ukaanza kumbadilika. Wazee wakauona unavyobadilika. Wakaguna.

Ndani nako, bibi arusi alisikia twari zimekatika ghafla. Akasema, "Amekimbia." Afiya akambembeleza, akabonyeza wokitoki yake kuuliza, nayo imekufa. Bibi arusi akalia, na wanja ukashuka mashavuni kama masizi ya sufuria.

Bi Shekha alipotoka hatimaye kutazama kuna nini, alimkuta bwana arusi amekaa juu ya jiwe, kilemba kimefunguka, anakiri mbele ya ami yake habari ya baiskeli aliyoiba utotoni.

Malindi haina siri. Wiki haikuisha, arusi ile ilishapewa jina: arusi ya aliyenyimwa mlango. Bi Shekha akipita sokoni, wauza ndizi walimwambia, "Bi Shekha, turuhusu tuuze." Akacheka nao kwa meno tu. Kisha akazifunga wokitoki zake kwenye leso na kwenda kwa Eugene Lewa.

Eugene alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio nyuma ya soko la zamani, kimejaa matumbo ya redio mpaka mlangoni. Bwana Msellem naye akamfuata mkewe. Ujanani alikuwa na duka la tochi, na tangu hapo hakuna neno juu ya betri lililomtoka mtu mwingine naye akalipokea.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hizi zimeniaibisha," Bi Shekha akasema kwa sauti yake ya kukwaruza, akafungua leso.

Eugene akachomoa betri moja nyuma ya wokitoki, akaipima uzito kiganjani, akasoma maandishi. "Hizi ni za kadmiamu. Za kizamani, lakini imara. Mnazichaji vipi?"

Bi Shekha akamweleza habari ya kila alasiri na mchuzi wa papa. Eugene akaanza kucheka, akajizuia.

"Mama, betri hii ina kumbukumbu."

"Si vizuri hivyo?"

"Hapana. Ukiizoesha kazi kidogo, halafu ukairudisha kwenye chaja kabla haijaisha, inakumbuka. Inajua kazi yake ni ile kidogo. Siku ukiitaka kutwa nzima, ikifika pale ilipozoea inaona zamu yake imekwisha. Hii ya kadmiamu yataka itumike mpaka ichoke kabisa, ndipo uichaji."

"Hayo nilijua," akasema Bwana Msellem.

"Ulijua ukanyamaza?" Bi Shekha akamgeukia.

"Ulikuwa umekatazwa kupiga kelele. Sikutaka tubishane."

Eugene akaendelea, akitoa betri nyingine rafuni na kuzipanga juu ya meza. Kuna hii ya nikeli haidridi, akasema, inaingia kwenye wokitoki zile zile, inabeba chaji zaidi kuliko kadmiamu, na kumbukumbu yake si mbaya sana. Aibu yake ni kwamba haitulii. Hata ikilala kabatini chaji inavuja, kidogo kidogo, kama mtungi wenye ufa. Na kuna hii ya lithiamu. Nyepesi, inabeba nyingi kuliko zote, haina kumbukumbu kabisa, unaichaji ukitaka. Lakini ni ghali, haipendi joto, na ina chaja yake. Usiiweke kwenye chaja ya hizi nyingine, labda kama unataka kuita zimamoto.

"Sasa kabla hujachagua, mama, nikuulize. Watu wako wanasema sana?"

Bi Shekha akajinyoosha. "Watu wangu? Watu wangu hawasemi ovyo."

"Nauliza kwa sababu kusikiliza hakuli chaji nyingi. Kusema ndiko kunakokula. Saa zilizoandikwa hapa wamezipigia hesabu kwa mtu anayesema kidogo, anasikiliza kidogo, na muda mwingi kanyamaza."

"Mtu huyo anaishi wapi?" akauliza Bwana Msellem.

"Afiya ni mkimya," Bi Shekha akashikilia. "Mwaro haongei mpaka aulizwe. Labda Kahonzi."

Eugene akazipanga wokitoki nne mstari mmoja, akaziinamia. Tatu vitufe vyake vya kusemea vilikuwa bado vimevimba, vina alama zake. Ya nne kitufe kilikuwa kimedidimia ndani kama shimo la bao, mpira umelika, na pembeni ina rangi ya hina.

"Na hii ni ya nani?"

Bi Shekha akaivuta upande wake, akaifunika kwa leso. Bwana Msellem akatoka nje, akashika nguzo ya kibanda, akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka muuza maji wa jirani akamletea kikombe.

Bi Shekha angechukua lithiamu siku ile ile. Lakini mumewe aliporudi, bado anafuta macho, akataka naye kuonekana ana neno. Akasema lithiamu ni mambo ya simu za watoto. Kwa kazi ya heshima ni nikeli haidridi, na yeye mwenyewe atazichunga. Eugene akamwonya, "Mzee, hizi zichaji siku moja kabla ya kazi, si zaidi." Mzee alikuwa ameshageuka anatazama saa ya ukutani iliyokuwa ikitengenezwa. Wakaondoka na nikeli.

Mwezi wa Shaabani ulikuwa unakwisha. Ramadhani hakuna arusi, na Mfungo Mosi, mwezi unaoifuata, arusi humiminika kama mvua. Bwana Msellem akaona bora ajitayarishe mapema. Siku moja kabla ya mwezi kuandama akazichaji betri zote mpaka taa zikawa kijani, akazifunga kila moja kwenye gazeti, akazitia kabatini, akafunga, na ufunguo akauvaa shingoni. Mwezi mzima alifunga akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake. Afiya alipomwuliza kama hazitahitaji kuchajiwa tena alimwambia, "Shemeji, mie nimeuza betri kabla hujazaliwa."

Idi ikapita, arusi ya kwanza ikawa Barani hapo hapo. Mzee akafungua kabati mbele ya watu, akazigawa betri kama anayegawa zaka.

Zilifanya kazi. Hilo lazima lisemwe. Zilifanya kazi mpaka chakula kilipokuwa tayari. Sinia za kwanza zikatoka kwenda kwa wanaume, chini ya turubai barazani. Bi Shekha akaona zimefika, akabonyeza, akasema, "Kahonzi, sasa sinia zilizobaki zote peleka kwa wanawake." Mekoni Kahonzi akasikia, "Kahonzi, sasa..." Kisha *tii*.

Kahonzi akangoja. Akaita. Hakuna. Akafikiri, sasa nini? Bila shaka sasa endelea. Akaendelea. Sinia zote zilizobaki zikafuata njia ya zile za kwanza.

Wanaume hawakuuliza. Mwanamume akiletewa pilau ya pili huwa hatafuti asili yake. Walikula kwa utulivu, wakashukuru Mungu, wakalegeza vifungo vya kanzu. Wanawake ndani walikunywa chai na biskuti, na nyimbo walizoimba baada ya hapo zilikuwa na maneno makali ambayo hayakuwa kwenye mpango.

Jioni Bwana Msellem akavua ufunguo shingoni na kuuweka juu ya meza bila kuambiwa. Alikuwa miongoni mwa waliokula mara mbili, jambo ambalo halikumsaidia.

Basi kesho yake Bi Shekha akaenda kwa Eugene peke yake. Akasema, "Nipe lithiamu. Na usiniulize nani anasema sana."

"Zote nne, mama?"

"Zote nne."

"Mpishi wako huiweka wapi wokitoki yake?"

Bi Shekha akafikiri. Kahonzi huiweka juu ya jiko la tatu, lile lisilotumika, ili mikono iwe huru. Na kusema kweli alikuwa ameshamwona mara moja akipondea iliki kwa kitako chake.

Eugene akashika kichwa. "Huyo mwachie kadmiamu. Hiyo ndiyo inayovumilia mateso. Lakini mwambie aimalize kabisa kabla ya kuichaji."

Kahonzi alipoambiwa alifurahi. "Mimi hii nyepesi nikaifanyie nini?" akasema, akiitupia jicho betri ya lithiamu. "Haipondi hata kitunguu saumu." Chaja yake ikafungwa kitambaa chekundu isije ikachanganywa na zile nyingine. Mwaro naye alipopewa yake mpya aliipokea, akaitikisa sikioni, akaifungua nyuma na kuifunga tena. Alidhani wamesahau kutia kitu ndani.

Sasa ikaja arusi yenyewe. Binti wa Barani aliolewa na kijana wa Kilifi, mtoto wa Bi Mwanakombo. Huyu Bi Mwanakombo alikuwa mama mwenye mali na mdomo, na siku ya kuleta posa alikwisha kumchoma Bi Shekha mbele ya watu: "Na mwanangu naye utamweka juani akiri dhambi zake?" Watu wakacheka. Bi Shekha akacheka pia, kisha akakaa na neno lile kifuani kama mwiba wa samaki.

Asubuhi mambo yakaenda kama maji ya mfereji. Adhuhuri ikapita, wokitoki bado zinaita. Kaimati, hina, magari, sinia za wanaume, sinia za wanawake, kila kitu kikafika mahali pake. Eugene mwenyewe alikuwa amealikwa, akakaa na wanaume barazani. Kila wokitoki ya Mwaro ikilia pale mlangoni, yeye aliangalia saa yake na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Bi Shekha akapata nafasi ya kupumua. Akaingia ukumbini kwa Afiya, aliyetoka chumbani na kuiacha wokitoki yake chini ya mto, naye Bi Shekha akaichomeka yake chini ya kwapa, ndani ya leso, akajifunga vizuri. Kile kitufe kilichodidimia kikakaa sawasawa kwenye mbavu zake. Kikafinywa. Kikabaki vivyo hivyo.

"Afiya mdogo wangu," akasema, "nimechoka na mama yule."

Kule nje, msafara wa wanawake wa Kilifi ulikuwa ndio kwanza umeshuka kwenye magari. Bi Mwanakombo mbele, amevaa dhahabu kuanzia paji la uso. Walisimama mlangoni wangoje kupokewa kwa vigelegele. Na kiunoni mwa Mwaro wokitoki ikasema, waziwazi, "Nimechoka na mama yule."

Mwaro akaifunika kwa kiganja.

"Dhahabu yote ile! Masikio yamemvutika kama ya mbuzi wa maziwa. Utadhani ameleta duka, si mwili."

Mwaro akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, kama mtu aliyemeza mwiba. Kuizima hakuthubutu, kwa kuwa Bi Shekha alikuwa amemwambia, tangu ile siku ya Maweni, kwamba hata mbingu zikidondoka asizime. Akaiweka nyuma ya mgongo. Wanawake wote wakazunguka pamoja naye.

"Na zile sambusa walizoleta jana? Nyama imepita humo kusalimia tu, haikukaa. Nimetafuna moja mpaka mwisho natafuta, nikasema labda iko kwenye ya pili."

Betri zile za kadmiamu, na kumbukumbu yake, zingekuwa zimekufa tangu adhuhuri, zikamsitiri. Za nikeli zingekufa kwenye sambusa. Lithiamu haikutetereka. Sauti ilikuwa safi hata wanaume barazani walisikia, wakaacha kuzungumza, na Eugene akaangalia saa yake.

"Lakini mtoto," sauti ikaendelea, ikishuka kidogo, "mtoto amelea. Hilo nampa. Juzi kaja kijana kuleta mchele, kakuta bibi kizee wa jirani anahangaika na ndoo, kamchukulia mpaka ndani, na hakujua kama kuna anayemwona. Mtoto wa namna ile halelewi na mtu mbaya. Mdomo tu ndio anao. Na mie nani, nisiye na mdomo?"

Hapo ndipo Kahonzi alipotokea ukumbini anakimbia, upawa mkononi, unadondosha mchuzi. "Dada Shekha! Kwapa! Fungua kwapa!"

Bi Shekha akainua mkono. Wokitoki ikatoa mlio mdogo wa kumaliza. Kisha ikasema yenyewe, kwa sauti ambayo haikuwa ya Mwaro:

"Bi Shekha. Umemaliza, ama lipo jingine?"

Bi Shekha akamtazama Afiya. Afiya akautazama ukuta.

"Nimemaliza," akajibu.

"Vyema. Sasa nipe na mimi nafasi. Hii hufinywa wapi? Hapa? Ah. Kwanza, sambusa. Sambusa si zangu, ni za wifi yangu. Nilimwambia nyama haitoshi, akanijibu kwamba watu wa Barani hawajui tofauti. Wifi yangu huyu hapa ubavuni mwangu, anakusikia."

Zikasikika kelele za mwanamke mwingine, na mvutano, kama wokitoki inagombaniwa. "Sikusema hivyo! Nilisema watu wa Barani hawana makuu!" Kisha ikarudi kwa Bi Mwanakombo, anahema.

"Pili, dhahabu. Nusu yake nimeazima, na masikio yananiuma tangu alfajiri. Nikiingia naomba mahali pa kuvua. Tatu..." Sauti ikashuka. "Hili la mwanangu na ndoo. Lirudie."

Bi Shekha akalirudia. Alilirudia pole pole, kwa ile sauti yake mbovu, akaongeza kwamba kijana aliondoka bila hata kungoja kushukuriwa. Upande wa pili mtu akapenga kamasi.

"Mwaro anasema nikimaliza niseme ova," ikasema wokitoki. "Ova."

Bi Shekha akatoka mwenyewe kwenda kumpokea mlangoni. Alikuwa tayari kupigwa kiatu. Badala yake Bi Mwanakombo akamshika mkono, akamkaribia sikioni, akamwuliza, "Chumba kiko wapi?" Wakaingia ndani wote wawili, wakafunga mlango, wakavuana dhahabu na kupakana mafuta ya nazi masikioni. Walitoka wakiwa wanacheka jambo ambalo hawakumwambia mtu. Wifi alikaa mkeka wa mwisho na hakula sambusa.

Bwana arusi akafika na twari zake. Mwaro akafungua mlango mpaka mwisho, akauegemeza kwa mgongo wake kabisa, akamwambia, "Pita, bwana. Pita haraka." Kijana akapita, akampa mkono mkewe ambaye macho yake yote mawili yalikuwa na wanja, na vigelegele vikatoka.

Wakati wa kuagana, Bi Mwanakombo alisema ana binti naye anaolewa mwezi ujao kule Kilifi, na hataki msimamizi mwingine.

"Lakini kwa sharti moja," akasema. "Na mimi nipewe yangu."

"Yako ya nini? Wewe utakuwa mwenye arusi, umekaa umetulia."

"Wifi yangu atakuwepo," akajibu Bi Mwanakombo, akapanda gari.

Asubuhi yake Bi Shekha akapita kwa Eugene kuagiza wokitoki ya tano. Fundi akachukua kalamu, akamwuliza huyo atakayeishika ni mtu wa kusikiliza au wa kusema, ili ajue betri ya kumtafutia.

Bi Shekha hakufikiri sana. "Mtilie lithiamu," akasema. "Na ya akiba."